Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kazi ya Mhifadhi wa Picha, Bagamoyo

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu wa aina mbili ambao maswali yao hukaribiana: vijana wanaotaka kuifanya kazi hii katika makumbusho au katika hifadhi ya nyaraka, na familia zilizorithi albamu, fremu na maboksi ya picha bila kujua zianzie wapi kuzitunza. Mwandishi ni mhifadhi anayefanya kazi Bagamoyo, kwa hiyo mifano mingi ni ya pwani.

Mhifadhi wa picha hufanya kazi gani hasa?

Huzuia. Sehemu kubwa ya kazi ni kuifanya picha isiharibike zaidi ya pale ilipofikia, na sehemu ndogo ndiyo kutengeneza kilichokwisha kuharibika. Wageni wengi huja wakitarajia kumkuta mtu ameinama mezani, akipaka dawa juu ya picha iliyofifia mpaka sura ya babu irudi. Zamani zilijaribiwa njia za kikemikali za kurudisha sura iliyopotea, lakini zinaiweka picha nzima hatarini, na zikishafanyika haziwezi kutenguliwa. Siku ya kawaida, mhifadhi husoma vipimo vya joto na unyevu, hufuta vumbi kwa brashi laini, huzitoa picha katika bahasha mbovu na kuzitia katika bahasha salama, na huandika hali ya kila picha kwa maneno ambayo mwenzake atayaelewa baada ya miaka 30. Mpasuko huzibwa inapobidi, kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, kwa kuwa gundi hiyo inaweza kuondolewa baadaye bila kuidhuru picha. Asiyeweza kuvumilia kazi isiyoonekana atachoka mapema.

Picha ya kale imetengenezwa kwa nini, na kwa nini nilazimike kujua?

Kwa sababu dawa ya aina moja ni sumu ya aina nyingine. Tangu Daguerre alipotangaza njia yake ya kutengeneza picha huko Ufaransa mwaka 1839, picha zimetengenezwa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, juu ya karatasi, juu ya kioo na juu ya plastiki. Karatasi ya albumini, inayotumia ute mweupe wa yai, ilianza mwaka 1850; kioo cha kolodiani, ambacho mpiga picha alilazimika kukipaka dawa na kukisafisha, yaani kuitoa sura kwa dawa, kabla hakijakauka, kilianza mwaka 1851; na kioo kikavu cha gelatini kilibuniwa na Richard Maddox mwaka 1871. Hiki cha mwisho ndicho kilichorahisisha mambo kwa wapiga picha wa safari ndefu, kwa kuwa waliweza kubeba vioo vilivyokwisha kuandaliwa na kuvisafisha baadaye.

Picha nyingi za rangi nyeusi na nyeupe za karne ya 20 zina msingi wa karatasi, kioo au plastiki. Juu yake lipo tabaka jembamba la gelatini. Na ndani ya gelatini zimo chembe ndogo mno za madini ya fedha ambazo ndizo sura tunayoiona. Gelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Ukilishika jambo hilo moja, mengine yote yatakuwa wazi: kwa ukungu na kwa mende gelatini ni chakula, kwa maji ni kitu cha kufura na kulainika, na kwa kioo cha fremu kilicholowa ni gundi.

Chembe za fedha nazo zina maradhi yake. Chukua picha ya studio ya zamani, izimie taa ya juu, kisha iangaze kwa tochi kutoka ubavuni. Mara nyingi utaona kwamba sehemu zenye weusi mwingi, kama vile buibui, koti au nywele, zina mng'ao wa bluu unaofanana na wa kioo, hasa pembezoni. Hiyo ni fedha iliyoyeyuka kwa unyevu na hewa chafu, ikapanda juu na kuganda upya. Mng'ao huo haufutwi. Unaandikwa katika taarifa ya hali ya picha, na mahali picha ilipokuwa inahifadhiwa panatafutiwa tiba.

Kwa nini picha huharibika upesi zaidi hapa pwani?

Unyevu hewani unaopendekezwa kwa picha ni kati ya asilimia 30 na 50. Bagamoyo kiwango hicho ni nadra kupatikana ndani ya chumba cha kawaida, na wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, hali huwa mbaya zaidi. Unyevu unapopita asilimia 65 na kukaa hapo siku kadhaa, ukungu huanza kuota. Nyumba zetu za kale za mawe ya matumbawe na chokaa huongeza tatizo, kwa kuwa ukuta hupandisha maji kutoka ardhini na kuyatoa ndani polepole hata siku za jua kali. Upepo wa baharini huleta chumvi, nayo chumvi huvuta maji.

Jambo la kwanza ambalo wengi hulifikiria ni kiyoyozi. Kiyoyozi kinachofanya kazi usiku na mchana ni msaada mkubwa, lakini kile kinachowashwa saa mbili asubuhi wafanyakazi wanapofika na kuzimwa saa tisa na nusu wanapoondoka ni hatari kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu gelatini hufura na kusinyaa kila siku mpaka ipasuke au ibanduke. Ningechagua chumba kisicho na kiyoyozi lakini chenye hali isiyobadilika. Weka kabati mbali na ukuta wa nje, liinue kutoka sakafuni, litie maboksi ndani yake, na ndani ya maboksi tia bahasha. Kila ganda hupunguza kasi ya mabadiliko. Feni inayozungusha hewa taratibu huzuia ukungu vizuri. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu husaidia ndani ya chombo kilichofungwa barabara, lakini vikishajaa maji havifanyi kazi tena mpaka vikaushwe kwa moto mdogo, na hilo watu hulisahau.

Picha imeganda kwenye kioo cha fremu. Nifanyeje?

Usiivute, wala usiiloweke. Gelatini ilipata unyevu, ikalainika, ikashikana na kioo. Ukiivuta, sura itabaki kwenye kioo na karatasi nyeupe itabaki mkononi mwako. Iache pamoja na kioo chake, ipigwe picha au kuskaniwa kupitia kioo hichohicho, kisha itunzwe ikiwa imelala. Kwa picha ambazo bado hazijaganda, weka fremu ya kadibodi safi kati ya picha na kioo ili visigusane, na usiitundike katika ukuta unaopigwa na jua au ulio nyuma ya jiko.

Kuna ubaya gani kuipeleka picha kwenye laminesheni?

Ubaya ni mkubwa, na ningependa wenye vibanda vya steshenari wauelewe, kwa maana wao hutoa huduma hiyo kwa nia njema. Mashine huyeyusha gundi ya plastiki kwa joto na kuishikamanisha na uso wa picha. Baada ya hapo plastiki haitoki bila kung'oa sura, na unyevu uliokuwamo ndani umefungiwa humo. Selotepu nayo hugeuka kahawia, hukauka, na gundi yake huingia ndani ya karatasi. Albamu za kurasa zenye kunata zilizoenea miaka ya 1970 na 1980 zina kasoro ileile: gundi hushika kwa nguvu zaidi kadiri miaka inavyopita. Picha ikiwa bado inatoka kwa urahisi, itoe. Ikigoma, muache fundi aitoe.

Plastiki si adui kwa jumla. Bahasha za poliesta na za polipropilini ni salama pale unyevu ulipodhibitiwa; zenye PVC, ambazo hutambulika kwa harufu kali ya kapeti jipya la plastiki, huachia gesi inayodhuru. Katika hali yetu ya hewa mimi hupendelea bahasha za karatasi isiyo na tindikali kwa sababu zinapumua. Makumbusho makubwa hununua karatasi zilizofaulu jaribio maalumu la ISO 18916, ambalo hupima kama karatasi au gundi itaidhuru picha iliyolala kando yake.

Negativu za marehemu mzee wetu zinanuka siki. Je, zimeharibika?

Zimeanza. Plastiki ya asetati, iliyotumika sana kwa negativu (filamu za kamera ambazo picha za karatasi hutolewa kwazo) tangu miaka ya 1920, huvunjika kikemikali na kutoa tindikali ileile inayopatikana katika siki. Tindikali hiyo huharakisha uharibifu wa negativu yenyewe na wa jirani zake, kwa hiyo zinazonuka zitenganishwe leo hii na zisizonuka. Kwa joto la nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50, filamu mpya ya asetati huchukua takriban miaka 40 kabla ya kufikia hatua hiyo. Kwa joto la Bagamoyo muda ni mfupi zaidi. Baadaye plastiki husinyaa na gelatini juu yake hujikunja mikunjo isiyonyooka tena. Ziskaniwe kabla ya hapo.

Filamu za kale kuliko hizo, zilizotengenezwa kwa nitrati mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, ni suala la usalama. Nitrati huwaka kwa urahisi, na ikishika moto haizimiki kwa kuinyima hewa, kwa kuwa inajitengenezea oksijeni yake. Ukikuta filamu za zamani ambazo zimegeuka njano, zinanata na kunuka kama tindikali, usizirundike chumbani wala usizijaribu kwa kiberiti kama vijitabu vya zamani vilivyoshauri. Filamu ambayo pembeni imechapwa neno SAFETY kwa kawaida si nitrati.

Kwa nini picha za rangi za harusi za miaka ya 1970 zimekuwa nyekundu?

Picha ya rangi haina fedha tena ikishasafishwa. Ina rangi tatu za kikemikali, na katika karatasi za miaka hiyo ile ya bluu-kijani hufifia kwanza, ndiyo maana wekundu hubaki ukitawala. Hufifia hata gizani. Kinachopunguza kasi yake zaidi ni ubaridi.

Maji yameingia ndani na albamu imelowa. Nifanye nini kwanza?

Fanya haraka, kwa sababu ndani ya siku mbili ukungu huanza na picha zikikauka zikiwa zimerundikana zitashikana moja kwa moja. Kama zina matope, zisuuze katika beseni la maji safi ya baridi bila kuzisugua wala kugusa uso wake. Zilaze moja moja juu ya kitambaa safi, uso ukitazama juu, kivulini penye upepo. Usizianike juani, zitajikunja. Zilizoshikana zikingali mbichi ziache ndani ya maji ya baridi, na mara nyingi zitaachana zenyewe. Ukiwa na nyingi mno, zitie katika mifuko ya plastiki na uzigandishe kwenye friza, upate muda wa kuzishughulikia kidogo kidogo. Negativu za kioo zisigandishwe.

Nikishaskani, si naweza kutupa picha yenyewe?

Hapana. Skani inanakili sura kama ilivyoonekana siku hiyo kwa mashine hiyo. Hainakili uzito wa karatasi, muhuri wa studio uliobonyezwa pembeni, ukingo uliokatwa kwa meno ya msumeno, wala alama za dawa zinazomwambia mhifadhi kama picha ilioshwa vya kutosha baada ya kutiwa katika haipo, dawa ya kuifanya sura isibadilike tena kwa mwanga. Hilo la mwisho si dogo: studio iliyokuwa na shida ya maji ilifupisha kuosha, na dawa iliyobaki ndani ya karatasi ndiyo inayoigeuza picha njano leo. Faili nalo linahitaji kutunzwa. Simu huibiwa, diski huharibika, na faili lisilo na jina la mtu wala mahali halina faida kubwa kuliko picha isiyo na maelezo. Skani kwa sababu utapunguza kuishika picha yenyewe. Hiyo ndiyo sababu bora.

Nyuma ya picha kuna maandishi ya kalamu. Yafutwe?

Yasiguswe. Watu wa pwani walikuwa na desturi ya kupeana picha na kuandika nyuma yake maneno ya ukumbusho, jina la mpewaji, mwezi na mwaka, wakati mwingine na ubeti. Kalamu ya wino mgumu ilikandamiza karatasi, na ukiiangaza picha kwa mwanga wa ubavuni utaona mistari ya maandishi imetokeza upande wa sura, imegeuzwa, ikipita juu ya shavu au juu ya kanga ya aliyepigwa picha. Kwa mfanyabiashara wa picha hiyo ni kasoro. Kwa mhifadhi ni ushahidi pekee wa nani alimpa nani, na aghalabu ndiyo sehemu pekee yenye jina.

Wewe mwenyewe ukitaka kuandika, tumia penseli laini, andika kwa wepesi kwenye ukingo wa nyuma, picha ikiwa imelala juu ya kitu kigumu. Karatasi za kisasa zenye plastiki hazishiki penseli, hivyo andika kwenye bahasha kabla ya kutia picha ndani. Waulize bibi na babu wangali hai. Nimeona picha nzuri zisizo na doa hata moja ambazo hakuna tena wa kusema ni za nani, na picha zilizoliwa nusu na wadudu ambazo ukoo mzima unazijua. Za pili ndizo zenye manufaa zaidi katika hifadhi.

Je, tuhifadhi hata picha za watu waliodhalilishwa?

Ndiyo, lakini kuhifadhi si kutundika ukutani. Historia ya mwambao huu imo ndani ya picha za watu waliofungwa minyororo, walionyongwa au waliosimamishwa mbele ya kamera bila hiari yao. Abushiri bin Salim alinyongwa na Wajerumani huko Pangani mwezi Desemba 1889, na mateso ya kipindi kile yalipigwa picha na watawala kwa haja zao. Picha hizo hutunzwa kwa uangalifu sawa na nyingine, ila maamuzi ya nani azione, wapi na kwa maelezo gani hayafanywi na mhifadhi peke yake. Wazee na wazao wa mahali husika wanapaswa kuulizwa. Maelezo ya awali ya Kijerumani au Kiingereza, hata yakiwa ya matusi, hubaki kwenye kumbukumbu pamoja na maelezo mapya, kwa sababu ukiyafuta umeficha kosa la aliyeyaandika.

Picha za kale za Bagamoyo ziko wapi?

Zimetawanyika. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868, na makumbusho ya misheni huonyesha baadhi ya picha za kipindi hicho na vilivyofuata. Nyingi ziko ng'ambo: maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt inatunza hazina ya picha za chama cha kikoloni cha Ujerumani, picha za Walther Dobbertin, mpiga picha Mjerumani, ziko katika hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani, na Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani kina mkusanyo wa Winterton wa picha za Afrika Mashariki za kuanzia 1860 hadi 1960. Mikusanyo hiyo mitatu unaweza kuitazama kwa intaneti. Zilizobaki ziko majumbani, chini ya vitanda na juu ya makabati, na hizo ndizo zilizo hatarini zaidi.

Nisome nini ili niwe mhifadhi wa picha?

Kemia na historia vyote viwili, pamoja na mikono iliyotulia. Mtu wa Bagamoyo ana bahati, kwa kuwa chuo cha ukutubi na nyaraka kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania kiko mjini humu humu, na kinafundisha misingi ya utunzaji wa nyaraka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha akiolojia na urithi. Ubingwa wa picha peke yake husomwa nje ya nchi, na nafasi ni chache. Njia ambayo ningemshauri kijana ni kupata cheti au stashahada hapa nchini, kuomba kujitolea mahali penye mkusanyo halisi, kisha kutafuta kozi fupi. Kituo cha kuendeleza urithi wa Afrika cha Mombasa na ICCROM ya Roma, shirika la kimataifa la uhifadhi wa urithi, wamewahi kuwafundisha watumishi wengi wa makumbusho wa bara hili. Kabla ya yote hayo, mtafute mzee aliyekuwa akisafisha picha katika chumba cha giza na ukae naye. Anajua kwa kunusa mambo ambayo vitabu huyaeleza kwa kurasa nyingi.

Ajira zipo? Na mshahara?

Zipo chache. Waajiri wakuu ni Makumbusho ya Taifa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo majukumu yake yamewekwa na sheria namba 3 ya mwaka 2002. Nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, nazo hulipwa kwa ngazi za mishahara ya serikali. Mara nyingi cheo kitakachoandikwa kwenye tangazo kitakuwa cha mtunza kumbukumbu au cha mhifadhi wa jumla, na picha zitakuwa sehemu tu ya majukumu yako. Anayetafuta utajiri atafute kwingine.

Kazi hii ina hatari kwa afya?

Ukungu ndio unaodhuru zaidi. Usiupulize kwa mdomo. Vaa barakoa na glavu za mpira, fanyia kazi mahali penye hewa inayotoka nje. Glavu hizo pia huzilinda picha na jasho la vidole.

Nikizileta picha za familia makumbusho, zitakuwa za nani?

Zitakuwa za yule atakayetajwa kwenye hati. Unaweza kuzitoa moja kwa moja, kuziazimisha kwa muda, au kuziacha ziskaniwe na kurudi nazo nyumbani siku hiyohiyo. Kumiliki karatasi na kumiliki hakimiliki ni mambo mawili tofauti chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kwa hiyo taja mpiga picha kama anajulikana. Kubalianeni ndani ya familia kabla ya kuja, kwa sababu shangazi ambaye hakuulizwa ana haki ya kulalamika na mara nyingi hulalamika. Andika kwenye hati kama kuna picha ambazo hazitakiwi kuonyeshwa hadharani, kwa mfano za bibi harusi bila mtandio au za marehemu katika sanda, na ubaki na nakala yenye saini za pande zote mbili pamoja na orodha ya picha moja moja.